Siri ya Damu ya Fundi wa Sare

Sogeeni wanangu, walio nje ya turubai waingie, simu zizimwe na watoto wapakatwe, maana haya nitayasema mara moja tu.

Binti yangu, mliyemwita Mama Pindo, kifungua mimba wangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, akamaliza darasa la saba mwaka 1988, akajifunza ushonaji, na tangu 1993 alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akafunga ndoa tarehe 6 Agosti 1995, akajaliwa watoto wawili, kaka mtu ambaye ni seremala, na dada mtu anayesomea ualimu.

Presha ilimwanza mwaka 2009, tukalaumu chumvi, tukaiacha kabisa, hata mumewe akatania, "Mke wangu, hii ni mboga au maji ya kuoshea sufuria?", lakini presha ikazidi kupanda, mpaka tarehe 3 Mei 2021 daktari alipompima damu, akatuambia kuna tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zinamwaga homoni kupita kiasi, nayo inazunguka na damu, inang'ang'ania chumvi mwilini na kuikakamaza mishipa, na aina yake hii hurithiwa, "Waleteni watoto wapimwe, ikijulikana mapema dawa ipo."

Njiani alinishika mkono, "Mama, usiwaambie, dada mtu aolewe kwanza, nani ataposa kwenye ugonjwa?", nami nikanyamaza, nikamwona dawa anazimeza siku za kliniki tu ili kipimo kisimwaibishe, nikanyamaza tena.

Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkasi ulimponyoka, mdomo ukapinda, akakata kauli, na Jumamosi akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomkimbiza hospitali, na mafundi wenzake mliomalizia sare alizoziacha mezani.

Cherehani na mkasi ni vya dada mtu, meza ya kukatia inamrudia seremala aliyeitengeneza, ila nani kati yenu, wajukuu zangu wawili, karithi ugonjwa ule wa homoni sijui, na hofu hiyo hainipi usingizi, kwa hiyo kesho saa mbili asubuhi tunakwenda maabara sote watatu, na mkono wa kwanza kuchomwa sindano utakuwa wangu, maana huenda ni mimi niliyempa.

Nisamehe, mwanangu, siri yako nimeitua hapa, nawe pumzika kwa amani.