Dkt. Virginia Mwihaki, Mwenye Utafiti wa Mbegu za Avokado

Dkt. Virginia Mwihaki alizaliwa Dagoretti tarehe 14 Machi 1964, kitinda mimba wa Mama Wanjugu na marehemu Mzee Karanja. Alisoma huko huko, kisha Limuru, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1988, na baadaye ya uzamivu. Mwaka 1991 alifunga ndoa na Dan Wainaina, wakajaliwa binti mmoja, Debra.

Alifanya kazi katika maabara ya utafiti jijini. Kuanzia 2002 alikuwa akiokota mbegu za avokado zinazotupwa na wauza matunda pale Dagoretti Corner. Mama mmoja akamwuliza, "Daktari, unafuga nguruwe?"

Akacheka. "Hapana, mama. Natafuta dawa ya saratani."

Alikamua mbegu zile, na maji yake akayafungia ndani ya chembechembe zilizotengenezwa kwa maganda ya kaa wa baharini, ndogo kiasi kwamba mia tano zikipangwa hazifiki unene wa unywele, ili dawa isipotelee mwilini kabla ya kufika kwenye uvimbe. Mwaka 2005 seli za saratani zilizotiwa dawa hiyo zilikufa kwenye kisahani cha maabara. Wagonjwa waliomfuata nyumbani aliwaambia ukweli: "Bado haijajaribiwa kwa mtu. Nendeni hospitali."

Mwaka uliofuata mkuu wake wa maabara aliichapisha kazi hiyo kwa jina la yeye mkuu peke yake. Mwihaki alisimama kwenye mkutano wa maabara. "Hiyo ni kazi yangu na Manjula." Manjula, mwenzake wa maabara, akathibitisha. Wote wawili walifutwa kazi. Familia haitalificha hilo eti kwa sababu tuko msibani.

Januari 2007 alianza kuumwa tumbo. Kliniki moja ya Kilimani ilimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kumi na minne. "Nipimeni tumboni kwa kamera," alisisitiza. Akaambiwa ni mawazo ya kukosa kazi. Yeye, aliyeijua saratani kuliko wao wote! Ilipoonekana, ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Debra alimsihi anywe dawa yake mwenyewe. "Haijawa dawa, mwanangu. Wangeniacha niendelee, labda ingekuwa."

Alifariki nyumbani Jumatatu, 2 Juni 2008, saa nne asubuhi, Wainaina akiwa amemshika mkono.

Jana mkuu wake alileta shada la maua. Mama Wanjugu alimrudishia pale pale langoni. "Kwanza andika jina la mtoto wangu."

Ameacha mama, mume, binti, na dada yake Muthoni anayesoma haya. Mungu ampumzishe Mwihaki wetu kwa amani, na kazi yake irudishiwe jina lake.