Mizabibu ya Crescenzo Pagliuca Haikuwa Miti ya Porini

Marehemu Crescenzo Pagliuca alidhulumiwa, na familia yake imeona ni haki neno hilo litangulie hata tarehe ya kuzaliwa kwake. Jumanne, tarehe 15 Februari 2022, akiwa amelazwa hospitalini Napoli, mizabibu yake yote ilikatwa kwa misumeno ili kupisha barabara ya maghala. Idhini iliyotolewa iliiita “miti ya porini”.

Alizaliwa Casalvito, karibu na Aversa, tarehe 11 Novemba 1943, mtoto wa tatu wa Tammaro na Rachele Pagliuca. Kwa kuwa siku hiyo ya Mtakatifu Martino ndiyo ya kuonja divai mpya, baba yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alinusa pipa kabla ya kunyonya.

Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo hadi darasa la tano, mwaka 1954. Masomo yaliyobaki aliyapata juu ya ngazi.

Wenyeji husimulia kuwa Waetruski, watu wa kale wa Italia, ndio waliowafundisha mababu zao kuuozesha mzabibu kwa mpopla, mti mrefu mwembamba: mzabibu hukwea hadi kileleni, matawi yake yakafungwa toka mti hadi mti, ukasimama ukuta wa zabibu unaoipita nyumba kwa urefu. Humo ndimo itokamo asprinio, divai nyeupe, kali kama limau. Crescenzo aliivuna tangu ujana, goti moja limekaza kipago cha ngazi, akishusha kwa kamba kikapu chenye ncha kitakoni, kikajichomeka chenyewe udongoni.

Huko juu ndiko alikochumbia. Nunziata Errico alikuwa chini akipokea vikapu.

“Nunziata, nishike ngazi au nikushike wewe?”

“Shika zabibu. Mimi sianguki.”

Walifunga ndoa tarehe 11 Novemba 1967, wakajaliwa Ortensia na Sossio.

Kwa miaka mingi aliomba shamba lake liandikishwe kuwa la mizabibu, na kila mara karani wa mji alimjibu, “Don Crescenzo, mizabibu ni ile iliyopangwa safu ardhini. Hiyo yako ni mipopla.” Alirudi nyumbani akicheka. Nunziata hakucheka.

Mwishoni mwa 2021 alipatikana na saratani ya mapafu. Daktari alimwuliza kama amewahi kuvuta sigara.

“Kamwe, dokta. Lakini mimi nilikaa juu sana. Kila watu walipochoma taka zao huko chini, moshi ulipanda kunisalimu.”

Alipotoka hospitalini mwezi Machi, Sossio alimpitisha shambani, kwa kuwa mzee hakuomba kingine.

“Umepotea njia, mwanangu.”

“Hapana, baba. Tumefika.”

“Mbona basi naiona barabara?”

Sossio alizima gari. Mzee hakutaka kushuka.

Ortensia alimwendea msimamizi wa wakataji. “Tuliona miti mitupu, signora, tukakata miti,” alijibu. Naam, mwezi Februari mzabibu hauna jani, na mgeni angeweza kuudhani kamba kavu. Ortensia akamwuliza amezaliwa wapi.

“Hapa hapa.”

Misimu miwili ya mavuno ilipita bila ngazi kutolewa ghalani. Chini ya nyumba, katika pango la jiwe laini walilochimba wazee, pipa la mwisho lilinywewa likaisha. Marehemu aliacha kula, kisha akaacha kuuliza habari. Alifariki dunia nyumbani kwake, Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2023.

Ameacha mjane, Nunziata, watoto wawili, Ortensia na Sossio, wajukuu wanne, na dada yake, Fortuna. Udongo wa Casalvito umpokee kwa upole zaidi kuliko watu wake walivyomtendea, naye apumzike.

Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023, baraza la mji lilipitisha kwamba mipopla yenye mizabibu ihesabiwe kuwa shamba la mizabibu, na isikatwe. Katika shamba la Pagliuca, siku hiyo, hapakuwa na hata mmoja wa kuhesabu.