Kuujaribu Ufito wa Marehemu Akankwasa

Benchi letu liko Kayanga, nyuma ya stendi, limeegemea ukuta wa ghala la kahawa. Mbele yake upo uwanja wa saruji wa kuanikia, ambao nje ya msimu hauna kazi isipokuwa kuparuliwa na kuku wa Vero, mwenye birika na vikombe. Wakaaji wa kila siku ni watatu: Gosbert, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo, tunayemwita Sheria; Edgar wa bodaboda, aitwaye Klachi; na mimi, mwinjilisti wa mtaa wa Kilutheri kule Ihanda, niitwaye kwa kazi yangu tu, kwa kuwa jina la utani waliloniandalia Vero alilipiga marufuku. Jumanne hiyo alikuwapo wa nne, Muhangi, mfugaji wa Mabira. Mwaka juzi fahali alimbamiza kwenye nguzo ya zizi, bega la kuume likavunjika, na tangu siku hiyo mkono wake haupandi kupita kifua. Ng'ombe waliishia kwenye matibabu. Amebaki mtamba mmoja. Sasa kambi moja ya wageni kando ya ziwa ilikuwa inatafuta mtu wa kuwaongoza wageni kuvua kwa mtindo wao, na sharti aje na ufito wake. Ufito wa namna hiyo tuliujua mmoja tu, wa marehemu Akankwasa, aliyeifanya kazi hiyo miaka tisa. Mjane wake, Kokwijuka, alikubali kuubadilisha na mtamba. Asubuhi alimpa Klachi aulete. Yeye angefuata akitoka sokoni. Basi ufito ulikuwa umelala magotini pa Muhangi, mwembamba, mrefu kuliko mtu na nusu, una kigurudumu cha mshipi kwenye kishikio, na mwisho wa mshipi ndoana iliyovikwa manyoya ya kuku ili samaki adhani ni nzi.

— Ujaribu, Mzee Muhangi, alisema Klachi. Uwanja huo hapo mweupe. Simama, tupa mara mbili tatu, tuone.

— Hakuna haja.

— Hakuna haja vipi? Mimi pikipiki hii kabla sijaichukua niliipandisha mlima na abiria wawili na gunia la mkaa. Ilipofika juu inakohoa, nikamwambia mwenyewe, hii mgonjwa, lete nyingine.

— Na hiyo nyingine ndiyo hii? aliuliza Vero.

— Ndiyo hii.

— Inayosukumwa kila asubuhi?

— Vero, mimina kahawa.

Sheria alikohoa, naye akikohoa hivyo sisi hujua kwamba shauri limeanza kusikilizwa.

— Kisheria, alisema, mnunuzi ana haki ya kukagua. Kokwijuka alipokwenda Mabira kumtazama mtamba, hakumfungua kinywa?

— Alimfungua, alisema Muhangi.

— Hakumshika chuchu?

— Alimshika zote nne.

— Basi! Yeye kakagua, wewe hujakagua. Hapo mizani imelala upande mmoja.

— Ng'ombe hukaguliwa, alijibu Muhangi polepole, bila kuinua macho. Kitu cha marehemu hakikaguliwi mbele ya mjane wake. Kwetu huo ni utovu wa adabu. Tena Mwinjilisti yupo hapa. Mwinjilisti, si imekatazwa kujaribu?

Waligeuka wote kunitazama. Nami, kwa kuwa nimezoea kuulizwa, nilijibu kabla ya kufikiri, na hilo ni kosa ambalo nimelikemea kwa wengine madhabahuni.

— Aliyekatazwa kujaribiwa ni Bwana, nilisema. Ufito haukutajwa. Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya mfalme Sauli, alipiga hatua, akayaona ni mazito, akayavua, akasema hawezi kwenda nayo kwa sababu hakuyajaribu. Kama kijana yule angeona haya kumwambia mfalme, Israeli wangemzika jioni ile.

— Umesikia! alisema Klachi.

— Lakini Gideoni, alidakia Sheria, alijaribu kwa ngozi ya kondoo usiku wa kwanza, akarudia usiku wa pili. Kwa hiyo jaribio moja halitoshi. Ufito huu inafaa ulale nje siku mbili, moja ya umande na moja ya ukavu.

— Sheria, nilisema, ngozi ya Gideoni haikuwa inauzwa.

— Kanuni ni ile ile.

Sheria akauchukua ufito, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayepima kuni, akaubonyeza. Ufito ukainama mpaka ncha ikakaribia sakafu. Akashtuka, akauachia, ukarudi kwa mlio, ukamtikisa kofia.

— Mmeona? Umeoza ndani! Fimbo gani inayolegea namna hii?

Hapo hata Muhangi alisahau unyonge wake. Sisi wa migombani tunaweza kutojua fimbo, lakini mfugaji anaijua. Fimbo ni kiungo chake cha tano.

— Hilo nami nimeliona tangu ilipofika, alisema kwa huzuni. Fimbo ya kuchungia nikiikata, naikausha juu ya moshi mwezi mzima. Naipiga kwenye jiwe. Ikipinda, naichoma. Fimbo inayoinama haimrudishi fahali.

— Kumbe una hoja zako! Ungezisema mapema, alisema Klachi. Basi tuufunge jiwe la kilo tano, tuuinue. Ukikatika, tumeokoa mtamba.

— Ukikatika, alisema Vero, mtamwambia nini Kokwijuka?

— Tutamwambia umekatika wakati wa ukaguzi, alijibu Sheria. Ipo lugha ya kuandikia jambo kama hilo.

— Mnajua shida iko wapi? aliendelea Klachi, sasa amesimama. Shida si ufito. Ni samaki. Samaki wa lile ziwa wamemzoea Akankwasa miaka tisa. Kivuli chake wanakijua. Akija mtu mwingine na ufito ule ule, watasema, huyu mwizi.

— Samaki watasema?

— Kwa namna yao. Ndiyo maana inatakiwa ukajaribiwe ziwani kabisa, tena amevaa koti la marehemu.

— Na viatu, alisema Sheria kwa uzito, kwa sababu chini ya maji wanaona viatu kwanza.

Tulicheka. Muhangi naye alicheka, kwa mdomo tu. Mkono wake wa kuume ulikuwa umelala mapajani, na vidole vya kushoto vilikuwa vinaukanda juu ya kiwiko, taratibu, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani. Niliona. Hebu niandike bila kujipendelea: sote tuliona. Tulikuwa tumeongea robo saa juu ya ufito, jiwe, umande na viatu vya marehemu, na hakuna aliyeligusa jambo ambalo kila mmoja alilijua. Wako watu wanaonyamaza kwa upole, na wako wanaonyamaza kwa sababu ya kuogopa kubeba mzigo wa mwenzao hata kwa nusu hatua. Sisi tulijihesabu miongoni mwa wale wa kwanza.

Ndipo Kokwijuka alipofika, kikapu mkononi, kitambaa cha kijani kichwani, vumbi la stendi miguuni.

— Shikamoo, Muhangi.

— Marahaba, mama. Za sokoni?

— Nzuri. Mwinjilisti, hamjambo hapa?

— Hatujambo.

— Mmeuona ufito?

— Tumeuona, mama, alisema Klachi. Ila unalegea.

— Unatakiwa ulegee.

Klachi akaketi.

— Tulikuwa tunajadili kama inafaa aujaribu kwanza, alieleza Sheria. Maoni yamegawanyika. Upo upande wa Daudi, upo upande wa Gideoni, na mnunuzi mwenyewe anaona itakuwa kukuvunjia heshima.

— Kunivunjia heshima? Kokwijuka alishangaa. Mimi nimemvuta mtamba wake ulimi mpaka akanipiga teke. Ajaribu! Akiona haufai auache, nami nirudi nao nyumbani.

Akaweka kikapu chini, akamtazama Muhangi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia:

— Utatupa kwa mkono upi?

Sheria alitafuta kitu ndani ya kikombe chake. Klachi aliigeukia pikipiki. Vero alisimama na birika limeinama nusu. Nami, mwenye maneno ya kila Jumapili, nilimkumbuka yule mtu aliyekuwa na mkono uliopooza, aliyesimamishwa katikati ya sinagogi, na wale waliomzunguka wakiwa na hoja nyingi kuhusu siku ya sabato na hata moja kuhusu mkono wake. Siku zote nimewahubiri watu wale kana kwamba walikufa zamani.

Muhangi ndiye aliyemjibu.

— Wa kushoto sijauzoea, alisema. Wa kuume haupandi. Niliogopa mkiona haupandi, habari itafika kambini kabla yangu. Nikasema niuchukue, nikajifunze peke yangu bondeni, pasipo mtu. Nikishindwa, nishindwe wakiniangalia ng'ombe wa watu tu, basi.

— Na mtamba atakuwa amekwisha kwenda, alisema Kokwijuka.

— Na mtamba atakuwa amekwisha kwenda.

Mama yule hakumwonea huruma kwa maneno. Alifungua kile kitambaa cha kijani, akakikunja mara nne, akampa.

— Kibane kwapani, mkono wa kuume. Kiwiko kikae ubavuni. Marehemu hakuwa anainua bega. Wageni ndio walioinua, wakachoka saa nne asubuhi. Mimi nilimfungia hizi nzi za manyoya miaka tisa, nikakaa naye ukingoni, naujua mwendo wake. Kinachofanya kazi ni kifundo cha mkono na huku kulegea mnakokucheka. Unaurudisha nyuma, unasubiri mshipi unyooke, unaupeleka mbele. Kitambaa kikianguka, umekosea.

Muhangi akaenda katikati ya uwanja. Kuku wakampisha.

Akaurudisha ufito nyuma kwa nguvu, kama anayemwonya fahali. Kitambaa kikaanguka, mshipi ukamzunguka shingoni, na ndoana ikashika mfuko wa shati. Hakuna aliyecheka. Klachi alikwenda akamfungua, akakiokota kitambaa, akakipangusa vumbi, akakirudisha kwapani kwa mikono miwili, kwa adabu, kisha akarudi benchini.

Mara ya pili kitambaa kikaanguka tena. Mara ya tatu pia.

— Unaharakisha, alisema Kokwijuka. Subiri nyuma. Wewe ni mchungaji, hujui kusubiri?

— Ng'ombe nawasubiri nikiwaona, mama. Huyu yuko mgongoni kwangu.

— Utamsikia mkononi.

Mara ya nne Muhangi alifumba macho. Ufito ulikwenda nyuma, ukatulia. Kisha ukaja mbele, si kwa nguvu, ukapinda kwa ule ulegevu tuliouhukumu, na mshipi ukapita juu ya saruji kwa hatua saba, labda nane, ukaanguka kwa fundo baya, umejikusanya kama uzi wa mtoto. Kwa mgeni anayejua uvuvi, ilikuwa kazi mbovu. Lakini kitambaa kilibaki kwapani. Naye Muhangi alisimama vile vile, kiwiko ubavuni, akifungua macho, kama mtu anayeogopa kushusha alichopewa.

— Haujafika mbali, alisema.

— Haujafika, alikubali Kokwijuka. Marehemu aliufikisha ukutani pale, na mwezi wa kwanza hakufika hata ulipofika wewe. Sitakudanganya ili nipate mtamba.

— Nikiuchukua, utanifundisha?

— Ufito una bei. Kufundisha hakukuwamo kwenye bei.

Sheria alitaka kusema neno kuhusu hilo. Nilimshika goti, akanyamaza.

Kokwijuka alikwenda mwisho wa uwanja, akainama, akalifungua lile fundo kwa kucha, bila haraka, akaunyoosha mshipi mpaka miguuni pa Muhangi.

— Kambini unatakiwa lini? aliuliza.

— Jumatatu ijayo.

— Leo Jumanne. Mtamba abaki kwako mpaka Jumapili, ufito ubaki kwako pia. Jumapili jioni utaniambia mwenyewe kipi kije kwangu. Kila siku saa hii nitapita hapa nikitoka sokoni.

Muhangi alifungua mdomo kumshukuru. Mama akamkatiza kwa mkono.

— Kiwiko, alisema. Tupa tena.