Kanzidata Kumi na Mbili kwa Mpigo Mmoja

Wapendwa, asanteni kwa kuniitikia. Na ninyi wa nyuma, mwangaluka, habari za asubuhi. Nimeona mlivyoingia mkichuchumia, lakini leo siwasemi, maana ninayokuja kuyasema mimi ni mabaya kuliko kuchelewa ibada. Mchungaji amenipa dakika kumi na tayari ameangalia saa.

Wengi mnanijua kama yule wa kompyuta pale hospitali, mnayemletea simu zilizotumbukia kwenye ndoo. Simu siyo kazi yangu. Kazi yangu ni seva ya barua pepe. Ni mashine moja tu, ndogo kuliko sanduku la mwanafunzi wa bweni, lakini majibu ya vipimo tunavyopeleka hospitali kubwa hurudi kupitia humo. Ndani yake barua zimehifadhiwa kwenye kanzidata kumi na mbili. Tuseme ni maghala kumi na mawili: la madaktari, la maabara, na mengine ya zahanati zetu. Kila mwezi maghala hayo lazima yafanyiwe usafi. Barua zilizofutwa ziondolewe, orodha zihakikiwe, palipolegea pakazwe. Mashine ilikuwa ikimaliza ghala moja ndipo inaingia la pili. Ikianza Jumamosi, inamaliza Jumatatu alfajiri.

Mimi nikaona huo ni uvivu wa mashine.

Ndugu zangu, nimezaliwa kijijini upande wa Kolandoto na nimelima kwa bugobogobo. Wasukuma wenzangu mnacheka, mnajua. Ngoma inalia, watu wanasimama mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na shamba ambalo lingekuchukua wiki mbili linakwisha kabla jua halijawa kali. Basi Jumamosi moja nilipokuta kwenye mipangilio sehemu inayouliza kazi ngapi ziende sambamba, na pameandikwa moja, nikafuta. Nikaandika kumi na mbili. Nilijiona mtu, nawaambia. Nikaenda nyumbani kumweleza mke wangu kwamba walionitangulia pale kazini hawakuwa wanafikiri.

Jumatatu asubuhi hakuna barua iliyoingia wala iliyotoka. Kazi zote kumi na mbili zilikuwa bado zinahangaika, na hakuna hata moja iliyofika nusu. Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza. Badala yake nikaingiwa na hofu, nikabonyeza kitufe nikaizima mashine kazi zikiwa katikati. Ilipowaka tena, maghala manne hayakufunguka kabisa, na hilo la madaktari likiwamo. Nikaanzisha matengenezo. Kumi na mbili, kwa mpigo mmoja, tena. Msinitazame hivyo.

Mganga mfawidhi akapiga simu kuuliza kulikoni. Nikamjibu, "Ni mtandao, daktari. Uko chini."

Neno hilo mnalijua. Ukienda ofisi yoyote ukaambiwa mtandao, unanyamaza, unakunja karatasi zako, unarudi kesho. Hakuna anayeuliza swali la pili. Jumanne nikalisema tena. Jumatano nikalisema hata kabla sijaulizwa, na nilishaanza kuliamini mwenyewe.

Alhamisi asubuhi akaingia mama mmoja ofisini kwangu. Mtu mzima, ametokea upande wa Ushirombo, vumbi hadi magotini. Nikamwambia shikamoo mayu, akaitikia marahaba, akabaki amesimama. Akanieleza kwamba alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi, kikapelekwa kupimwa, na jibu linakuja kwa barua ya kompyuta. Tangu Jumatatu anakuja kukaa kwenye benchi na anaambiwa mtandao.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "wamenionyesha kwamba wewe ndiye mwenye huo mtandao. Uko wapi? Kama kunafikika kwa miguu, nitaenda mimi mwenyewe kuuomba."

Wapendwa, niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa tayari kabisa kwenda.

Nikampa kiti. Nikasema, "Mayu, mtandao ni mzima. Ni mimi nimeharibu mashine, nikaficha."

Akaniuliza, "Unaweza kuitengeneza?"

"Sijui."

"Basi mtafute anayejua."

Ni hayo tu. Siku nne nilikuwa nimezunguka kila mahali isipokuwa hapo. Nikaenda kwa mganga mfawidhi nikasema yote. Hakunifokea, na heri angenifokea. Kisha nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani wa chuo, mama mmoja anayeishi Shinyanga mjini.

Akaniuliza, "Hizo kanzidata zimekaa kwenye diski ngapi?"

"Moja, mwalimu."

"Na wewe si Msukuma? Umewapanga watu kumi na wawili shambani, jembe ni moja wananyang'anyana. Nani atalima?"

Akanieleza taratibu kwamba kufanya kazi sambamba si kosa, bali lazima kwanza ujue mashine yako ina uwezo gani. Tusimamishe zote kwa utaratibu, bila kuzima kwa nguvu. Tuanze na ghala la madaktari peke yake, kisha mbilimbili, tukiangalia diski isizidiwe. Alikaa nami kwenye simu mpaka sikio likauma. Saa tisa alasiri ghala la madaktari likafunguka na barua zikaanza kumiminika.

Sikuisoma barua ya yule mama, si yangu. Nilimwita daktari, naye akamwita mama kutoka kwenye benchi. Baadaye mama akarudi mlangoni kwangu. "Hakuna saratani," akasema, akaanza kulia, na mimi nikalia.

Alipotulia akanisimulia siku zake nne. Jumanne jioni aliwagawia binti zake kanga zake. Jumatano jioni alimpeleka kitindamimba wake, binti wa miaka sita, kwa dada yake kijiji cha jirani, ili aanze kuzoea. "Alilia sana," akaniambia. "Naenda kumchukua." Wala hakunilaumu.

Baada ya kuondoka nikaangalia barua ile ilitumwa lini. Ilitumwa Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Namshukuru mganga mfawidhi, aliyeniacha kazini na kunitaka niandike kosa langu lisomwe na atakayekuja baada yangu. Namshukuru mwalimu wangu. Namshukuru mke wangu, ambaye tangu siku hiyo hajanikumbusha maneno yangu ya Jumamosi ile, ingawa leo ananitazama. Na yule mayu, wabeja sana, popote alipo.

Nawaomba kitu kimoja. Ukiharibu, sema saa ileile. Wewe unaona unajinunulia siku moja ya kuepa aibu, kumbe kuna mtu nyumbani kwake anagawa kanga.