Zamu za Vidonge vya Mzee Mdoe

Kwenye gari letu la abiria, Noah ya Handeni kwenda Korogwe, Mzee Mdoe wa Misima alimwonyesha mama aliyeketi kando yake vidonge vyake. "Hivi vya TB. Hizi antibayotiki za kidonda, nimejinunulia dukani. Pamoja zinagombana, nimezipangia zamu kama wake zangu wawili."

"Na hao hawagombani?"

"Hao wamenishinda."

Mama akasema, "Baba, mimi nimepona TB juzi tu. Nesi aliniambia dawa ya TB hulichochea ini, likaziondoa antibayotiki nyingine mwilini kabla hazijafanya kazi. Daktari akubadilishie hiyo ya kidonda. Ya TB ukiiruka, ugonjwa unakuwa sugu, utatuzika na sisi."

"Kumbe mke mkubwa anamfukuza mdogo!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nimezurura sana, sijaona madirisha ya Noah yakifunguliwa kwa umoja ule.

"Leo zamu ya nani?" mama akauliza.

"Ya kidonda."

"Basi meza vya TB sasa hivi. Maji haya hapa."

"Mama, mwanamume havunji zamu. Hiyo ni dhuluma."

Noah ikasimama Korogwe. Mzee akashuka na haki yake, vidonge vya TB mfukoni, mama bado amenyoosha chupa.