Wasifu wa Mwalimu Peniel Mughwai na Boksi Lake la Uongo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Febronia, dada yake Peniel, niliyembeba mgongoni. Kwenye ratiba mliyoshika mmeandikiwa kwamba marehemu "aliomba mwenyewe kupumzika kufundisha." Sentensi hiyo ililetwa jana na shule, na kamati ya mazishi ikaipokea kwa mikono miwili. Mwenye kalamu aikate. Wasifu ni huu ninaousoma mimi.

Mwalimu Peniel Mughwai alizaliwa Ilongero tarehe 14 Machi 1971. Utotoni alichunga mbuzi. Siku moja aliokota kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, akakaa kuwasomea mbuzi kwa sauti, nao wakaimaliza alizeti ya jirani. Baba alipomwinulia fimbo alisema, "Baba, nipige, ila nilikuwa sijafika mwisho." Baba alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Kiomboi, na ualimu Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1997. Mwaka 1999 alimwoa Scola wa Mgori, aliyemvumilia kusoma mezani huku ugali unapoa. Mungu aliwajalia Ritha na Deo.

Alifundisha Kiingereza miaka ishirini na saba. Januari mwaka huu aliwafundisha kidato cha sita riwaya ya nchi ya kubuni, ambako kila raia analazimishwa kumchongea jirani yake kwa maandishi. Ili waonje ubaya wake, alileta boksi tupu la chaki, akawaita watatu mbele, akasema, "Kila mmoja amchongee mwenzake. Uongo mtupu, na msaini." Basi Calist akaandika kwamba Hana anafuga ndama chini ya kitanda bwenini. Hana akaandika kwamba Godfrey anapika gongo maabara. Godfrey naye akaandika kwamba Calist ataiba kengele ya shule. Darasa zima lilicheka, na somo likaingia.

Mkuu wa Shule akalikuta lile boksi. Jamani, akaliamini! Alikwenda bwenini na mlinzi, akainama kitanda kwa kitanda kumtafuta ndama. Alipomkosa akasema ametoroshwa. Peniel akamwambia, "Mkuu, lilikuwa zoezi. Mimi ndiye niliyewaagiza wadanganye." Akajibiwa, "Kama ni uongo, mbona wamesaini?"

Bodi ikakaa. Watu wazima wenye wajukuu, kikao kizima, wanajadili ndama! Tarehe 17 Februari watoto wale watatu wakafukuzwa. Peniel akatolewa darasani, akakabidhiwa ufunguo wa stoo ya majembe. Huko ndiko kupumzika alikokuomba. Mchungaji utanisamehe, lakini nimekasirika na sifichi.

Kila wiki alikwenda ofisini kuwaombea watoto warudishwe, na kila wiki aliambiwa asubiri. Tarehe 14 Aprili alirudi kutoka huko, akaanguka mlangoni kwake kwa kiharusi. Alifariki hospitalini tarehe 22 Aprili 2025, saa nne asubuhi.

Asubuhi hiyo mdomo wake ulikuwa umepinda, lakini nilimsikia vizuri. Aliniuliza, "Dada, watoto wamerudi?" Nikamjibu, "Wamerudi, mdogo wangu." Nilimdanganya. Akafumba macho, na hakuuliza tena.

Ameacha mama yetu Maria, mjane Scola, watoto Ritha na Deo, na mimi. Ameacha pia Calist, Hana na Godfrey, wale waliosimama kule nyuma bila sare. Mtihani wao wa mwisho umebakiza siku kumi.

Mkuu wa Shule, nakuona umeketi mstari wa mbele na shada la maua. Liweke chini kwanza. Kalamu hii hapa, na karatasi hii. Andika kwamba watoto hawa wanaingia darasani Jumatatu, kisha usaini, maana wewe kilichosainiwa ndicho unachokiamini. Hatufukii kaburi kabla hujasaini: udongo utakusubiri, na sisi pia tutakusubiri.

Uongo wangu ukishakuwa kweli, ndipo Peniel atapumzika kwa amani.