Mwalimu Nani na Saini ya Pili

Ijumaa hii, kengele ya saa nane mchana itakapolia, mwalimu wetu wa Kiingereza atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi katika shule hii, na atakuwa amestaafu rasmi. Amefanya kazi chini ya wakuu wa shule sita. Amehama chumba mara moja tu, paa la chumba namba nne lilipovuja, na hata siku hiyo alimaliza kipindi kwanza, daftari kalifunika kwa koti na yeye mwenyewe analowa.

Kwenye barua za ofisi yeye ni mkuu wa idara ya lugha. Kwa wanafunzi ni Mwalimu Nani, na jina hilo kalitolea jasho. Somo alilolipenda kuliko yote ni yale maneno ya Kiingereza yatokanayo na vitenzi, yanayoishia na "-ing" au "-ed", ambayo yakiwekwa kwenye sentensi bila mwenyewe huleta vituko. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika: "Eating my bread, the bell rang." Mwalimu hakukasirika. Alitoka nje, akaitazama kengele pale juu ya mlango wa ofisi, akarudi na kuuliza nani hasa aliyekula mkate, maana kwa sentensi ile kengele ndiyo iliyoshiba. Darasa lilivunjika mbavu. Kila tendo lina mwenyewe, aliwaambia. Mtafuteni kwanza, ndipo muendelee. Mke wake anasema hata nyumbani hakuna ruhusa ya kusema kikombe kimevunjika. Lazima ajulikane nani.

Mhitimu wetu mmoja, siku hizi fundi umeme mwenye gari lake la kazi, alimletea barua ya kuomba kazi iliyosema "I am very interesting in this job." Mwalimu alimweleza kwamba yeye ni mtu wa kuvutia, hilo halina ubishi, ila mwajiri angependa kwanza kujua kama kazi yenyewe inamvutia. Waliiandika upya mara nne, wamekaa kwenye ngazi za maktaba. Kazi akapata.

Katika mwaka wake wa tatu Mwalimu alianzisha utaratibu tulio nao mpaka leo. Karatasi yoyote ya masomo haiendi kwenye mashine ya kurudufu bila saini mbili: ya aliyeandika na ya aliyesoma. Walimu wa wakati huo walinung'unika, wakamwita mtu wa makaratasi. Mama wa mashine, ambaye hakuwa na mzaha na mtu, aliushika utaratibu huo kwa mikono miwili. "Bila saini mbili mashine haiwaki," alikuwa akisema, "hata uje na mkuu wa shule."

Hapa mwandishi anaomba avumiliwe, kwa sababu wasifu wa mstaafu kwa kawaida hauna sehemu kama hii inayofuata.

Miaka kumi na tisa iliyopita mke wa Mwalimu alilazwa, akafanyiwa upasuaji. Mwalimu akapewa ruhusa ya wiki sita. Darasa la mwisho, watahiniwa mia moja na kumi na wawili, liliachiwa mwalimu mpya aliyekuwa na miezi saba tu kazini. Mwalimu mpya aliachiwa pia maelezo ya Mwalimu, yaliyoandikwa kwa mkono, ayapige chapa na kuyagawa.

Aliyapiga chapa Jumatatu asubuhi, mbio mbio, kipindi kinamsubiri. Palikuwa na jedwali la safu mbili: huku maneno kama "bored", ya mtu anayehisi kuchoshwa, na huku maneno kama "boring", ya kitu kinachomfanya ahisi hivyo. Vichwa vya safu vikabadilishana nafasi. Walimu wengine wote walikuwa madarasani, msomaji hakupatikana. Chini ya karatasi ikawekwa saini ya pili, saini ya Mwalimu, naye saa ile alikuwa kwenye benchi la hospitali. Mama wa mashine alijua kwamba Mwalimu hupita ofisini asubuhi kabla ya kwenda wodini, kwa hiyo hakuuliza. Mashine ikawaka.

Wiki sita wanafunzi waliikariri karatasi ile kwa bidii zote. Mwalimu aliporudi zilibaki siku kumi na moja kufika mtihani wa mwisho. Aliketi kusahihisha mtihani wa majaribio. Wa kwanza alikosea, wa pili akakosea vile vile, na alipofika wa ishirini aliweka kalamu chini. Akaomba aonyeshwe karatasi. Aliisoma hadi chini, pale penye saini, akabaki anapatazama. Mwalimu mpya, kwenye meza ya pili, aliinamia daftari zake.

Kesho yake saa nne kikaitwa kikao cha dharura. Wanafunzi walishapeleka habari nyumbani, na wazazi walishaanza kupiga simu. Barua ya kumpandisha Mwalimu kuwa makamu wa mkuu wa shule ilikuwa tayari imeandikwa, na hakuna mtu humo ndani ambaye hakujua. Mkuu wa shule wa wakati huo aliinua karatasi juu.

"Nani kasoma hii? Saini hii ya nani?"

Mwalimu alisimama. "Karatasi imetoka idarani kwangu, mkuu. Najibu mimi."

Hakusema saini ni yake, wala hakusema si yake. Hakugeuka kumtazama mtu. Mwalimu mpya alikuwa viti viwili nyuma yake, anaangalia viatu vyake.

Siku zote za shule zilizobaki, kabla ya kengele ya kwanza, Mwalimu alisimama mbele ya watahiniwa wale na kuwafundisha upya. Aliwaambia wazi kwamba walifundishwa kinyume na kwamba kosa si lao. Msichana mmoja akauliza, "Sasa tuamini ipi, Mwalimu?" Swali hilo lilimuuma kuliko kikao. Siku ya mtihani alisimama nje ya ukumbi akamwuliza kila aliyetoka kajibu nini. Wengi walipatia. Kumi na wanne waliandika kama karatasi ilivyowafundisha.

Umakamu alipewa mwingine. Wiki iliyofuata Mwalimu aliweka juu ya meza ya pili karatasi nyingine ya kupigwa chapa. Ilipokamilika aliisoma mstari kwa mstari, akatia saini yake. Jambo lile halikuzungumzwa tena.

Wasifu huu nao ni karatasi ya idara, hivyo ulihitaji msomaji. Jumanne nilimpelekea Mwalimu mwenyewe. Jumatano aliurudisha. Alikuwa amefuta sifa zake tatu, na tumemtii. Kisha pale mliposoma kwamba vichwa vya safu vilibadilishana nafasi na saini ikawekwa, alikuwa amezungusha duara jekundu, na pembeni kaandika neno lake la siku zote: Nani? Nafasi ya saini ya msomaji kaiacha wazi.

Ni mimi. Mwalimu mpya ni mimi. Niliyegeuza vichwa vya safu ni mimi, niliyeandika saini ya Mwalimu ni mimi, na niliyenyamaza kikaoni, miaka kumi na tisa sasa, ni mimi. Imetangazwa kwamba Jumatatu nitakalia kiti chake. Mkuu wa shule ataamua upya baada ya kusoma haya, nami sitakuwa na neno. Nawaomba radhi wale kumi na wanne, popote walipo. Nakuomba radhi wewe, Mwalimu, na wewe mama, uliyekuwa kitandani hospitali wakati mumeo anabeba mzigo wangu. Nimeona aibu muda mrefu sana.

Asante, Mwalimu, kwa miaka thelathini na minne. Tunakuombea mapumziko yenye afya na usingizi wa asubuhi usiokatishwa na kengele, na kikombe kikivunjika huko nyumbani, safari hii msameheane bila kuulizana.

Aliyeandika: mimi, mwalimu wa meza ya pili.

Aliyesoma: nafasi bado iko wazi, Mwalimu. Kalamu nyekundu nimeiweka mezani, mbele ya kiti chako.